Mwaka wa "Chumvi kwenye Soda"

Imelda alikuja kunipa pole wakati matanga yameshaanuliwa siku nyingi, ndugu wametawanyika na maturubai yamerudi kwa wenyewe, na alikuja na mfuko wa sukari kama mtu mwingine yeyote. Nilikuwa jikoni nyuma ya nyumba, nimeshabandika wali na kuupalia makaa juu ya mfuniko. Sikumtambua. Nilimwona mama mnene wa makamo, kilemba kizuri, viatu kavishika mkononi kwa sababu ya tope la uani, nikadhani ni mmoja wa wateja wa zamani wa marehemu ambao habari huwafikia kwa kuchelewa. Aliposema "Pole sana, Mama Neema," ndipo nikamjua. Mwili ulikuwa umezeeka lakini sauti ilikuwa ileile. Niliishi na sauti ile mwaka mzima nikiwa msichana, ikipita kwenye ukuta wa mbao tangu asubuhi, na kila siku nilikuwa naiombea kanda ikwame. Nikamwambia karibu, nikamsogezea kigoda, na hapohapo nikajikuta naweka sawa kanga yangu kiunoni. Nina wajukuu, mume nimemzika juzijuzi tu, na bado nilitaka kujua kati yetu ni nani aliyezeeka vizuri. Nikamtazama shingo. Naye alikuwa ananitazama mikono.

Mwaka ninaousema simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia Ifakara, lakini mtandao ulikuwa wa kuvizia, unakamata hapa, ukisogea kidogo umepotea. CD zilikuwa zimeanza kuonekana madukani, ila bondeni watu walikuwa bado ni wa kanda. Nilikuwa na kibanda cha chai na vitumbua jirani na mashine ya kukoboa mpunga, ambako vumbi la pumba lilikuwa linatua juu ya kila kitu, hata juu ya maziwa nikichelewa kufunika. Kibanda kilichofuata kilikuwa cha Festo, naye alikuwa akirekodia watu nyimbo. Kati yetu palikuwa na ukuta wa mbao zilizoachana kiasi cha kupitisha kidole, na mbele yetu wote wawili palikuwa na benchi moja refu ambalo halikujulikana ni la nani. Wateja wangu walikaa hapo kunywa chai, wateja wake walikaa hapo kusubiri kanda, na mwishowe wote walikuwa watu walewale. Tulikuwa tumeshachumbiana. Posa ilikuwa imepokelewa, harusi ilikuwa baada ya mavuno, kama harusi zote za bonde hili. Nilikuwa nakoroga unga wa vitumbua huku namsikia upande wa pili akipiga mluzi. Festo alikuwa na mwanya, na mluzi wake ulikuwa mmoja tu siku zote: unapanda, unakatika, halafu unashuka taratibu kama mtu anayeburuta miguu. Aliupiga akifagia, akipanga kanda, akisubiri nimpelekee kikombe. Mtaa mzima ulimjua kwa huo. Nami nilijiambia kwamba kwa kuwa mtu ni wangu, na mluzi nao ni wangu.

Lazima nieleze kazi ya Festo, maana bila hiyo ugomvi wote wa mwaka ule utaonekana wa kipuuzi. Mteja alikuwa analeta kanda tupu, anataja nyimbo anazotaka na zipangweje, kisha anarudi baadaye kuichukua. Kazi hiyo ilikuwa na msimu, kama kila kitu huku kwetu. Mvua zikikolea mji unahamia shamba. Watu wanafunga nyumba, wanabeba sufuria, vyandarua na redio, wanakwenda kukaa kwenye vibanda vya mashambani mpaka mpunga uvunwe. Huko hakuna umeme, kuna betri, na betri hutumiwa kwa adabu. Husikilizwa nyimbo mbili tatu za mwanzo, redio inazimwa, kanda inachomolewa na kurudishwa nyuma kwa kuzungushwa na kalamu ili betri zisiliwe bure, na kesho yake husikilizwa zilezile. Wimbo uliowekwa wa nane ulikuwa unajulikana na watu wa umeme peke yao. Kwa hiyo watu wa bonde walikuwa na msimamo mkali kuhusu wimbo wa kutangulizwa kuliko watu wa redio wenyewe. Mteja aliweza kukaa kwenye benchi langu akamaliza birika zima la chai anafikiri ni wimbo upi uanze.

Siku moja, mvua ndiyo kwanza zinaanza, Festo alipigiwa simu. Simu yake ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wa nguzo ya mbele, kwa sababu ni pale tu mtandao ulipokamata. Ukitaka kuongea unasimama pale, umeegemeza kichwa kwenye nguzo. Nilimwona akisema haloo, akatabasamu, akasema habari za siku, akasikiliza kidogo akacheka, halafu akanyamaza. Akanyamaza muda mrefu. Vitumbua vyangu viliiva upande mmoja, nikavigeuza, vikaiva wa pili, na yeye bado ameegemea nguzo anasikiliza bila kusema neno, macho yakitazama mashine ya mpunga. Mwisho akasema maneno machache kwa sauti ya chini, mashine ikayameza yote. Nilipompelekea chai nikamuuliza alikuwa nani. "Mteja," akasema, "anaulizia kanda." Nikaona ni sawa. Wateja wake wengine walikuwa waongeaji kweli.

Baada ya hapo ndipo Mela alipoingia redioni. Mela lilikuwa jina la kuimbia. Kila mtu alijua kuwa ni binti wa Mlimba, na Ifakara tulikuwa tumeshamfanya wetu kabla hatujamsikia, maana hapakuwahi kutoka mtu wa bonde hili akaimba na nchi nzima ikamsikia. Benchi langu lilimsubiri kama watu wanavyosubiri bibi harusi. Shaibu, fundi baiskeli, aliacha gurudumu la mtu limening'inia akaja kukaa. Hawa wa saluni alikuja na kitana kichwani. Masanja, kijana wa Kisukuma aliyekuwa anashuka mjini na maziwa ya ng'ombe wao, alikataa kuondoka na madumu yake matupu mpaka wimbo upigwe. Ukapigwa. Uliitwa "Chumvi kwenye Soda." Ulikuwa wa mbio, ngoma zinagonga kichwani, na katikati kuna kijana wa mjini anafoka maneno ambayo hayakuhusu chumvi wala soda. Sauti ya Mela ilikuwa imefunikwa huko chini, inajitokeza kidogo kama mtu anayeomba njia. Ukaisha. Shaibu ndiye aliyeanza, akauliza kwa upole kabisa ni nani anayetia chumvi kwenye soda. Masanja akasema yeye aliwahi kutia utotoni, soda inafura, inamwagika yote, unabaki na chupa na unapigwa. Hawa akasema basi huo ndio wimbo wenyewe.

Walicheka, lakini walikuwa wameumia. Mji ulikuwa umejiandaa kuringa na sasa hauna cha kuringia. Kila asubuhi mjadala ulianza upya juu ya vikombe vyangu, na mimi nilikuwa nausikiliza huku napika, sina upande. Ulichacha zaidi albamu yenyewe ilipofika. Kulikuwa na wimbo wa polepole kule mwishoni mwa upande wa pili, unaitwa "Mluzi Dirishani." Msichana yuko jikoni anapika wali. Anasikia mluzi dirishani. Anaacha wali motoni anatoka, wali unaungua, mama yake anamchapa, na kesho yake anasikia mluzi anaacha tena wali motoni. Ni hayo tu. Na kiitikio hakikuwa na maneno: ulikuwa ni mluzi, unapanda, unakatika, halafu unashuka taratibu kama mtu anayeburuta miguu.

Mkono wangu ulikuwa kwenye unga. Nakumbuka nilivyoutoa, nikaufuta, nikasogea kwenye ukuta nikachungulia kwenye mwanya wa mbao. Festo alikuwa amesimama katikati ya kibanda chake, mikono imelegea. Kwenye benchi walikuwa wameshaanza kupiga makelele, Shaibu anaapa kwamba huu ndio ulipaswa kutangulia, kwamba walioupanga mwishoni wana wazimu, dada wa watu ana sauti ya kumfanya mkulima aache jembe halafu wanamwimbisha wimbo wa kuruka kichura. Masanja alikuwa anafuta macho na anasema ni pumba. Hakuna aliyetaja mluzi ni wa nani. Nilidhani hawajatambua. Baadaye nilielewa kwamba walikuwa wametambua wote, walikuwa wananionea haya.

Hawa ndiye aliyeniambia. Nilikwenda kusukwa, na saluni ni mahali ambapo huwezi kuinuka ukaondoka, mwenzio kashika kichwa chako. Chumba kilinuka mafuta ya nazi na nywele zilizoungua, na kwenye jiko la kupashia chanuo alikuwa amebandika kisufuria cha maharage. Nikamuuliza kama anamjua Mela, maana yeye Hawa pia alikulia Mlimba. Akasuka mistari kadhaa. Kisha akaniambia kwamba Mela ni Imelda, wa zile nyumba za nyuma ya stesheni, na kwamba Festo alipoanzia kazi ya kanda kulekule Mlimba walikuwa pamoja, na haikuwa siri kwa mtu, hata kwa wasafiri wa treni. "Halafu Imelda akaenda zake kuimba," alisema, "na Festo akaja zake huku akakupata wewe. Hajakuambia?" Nikasema ameniambia, kitambo. Akavuta nywele kwa nguvu zaidi. Alijua nasema uongo, na kwa huruma yake akanipakulia maharage.

Wivu wa mtu unayemwona una nafuu, unaweza hata kumcheka miguu. Wivu wangu ulikuwa na sauti tu. Ulikuwa unaanza asubuhi redio zikifunguliwa. Nilikuwa nakaa najilinganisha na mtu asiye na sura: mimi napika wali hauungui, yeye aliacha ukaungua, nani kati yetu alimpenda zaidi? Nilianza kuchunguza kila kitu cha Festo, shati alilovaa, chai aliyobakisha. Nikagundua kwamba mluzi ameacha. Siku wimbo ule ulipofika kwenye benchi, mluzi ulikoma, na kibanda chake kikawa na kelele za kanda tu. Nikasema, haya, ameupeleka kwa mwenyewe. Wateja walipokuja wakitaka "Mluzi Dirishani" uanze kwenye kanda zao za shamba, nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia kwamba kanda yake imekwaruzika hapo, hautoki vizuri, wachague mwingine. Ulikuwa uongo. Kanda ilikuwa mpya. Mimi nikaelewa kwamba anaubania, anautaka awe nao peke yake. Shaibu akakasirika akapeleka kanda yake kibanda kingine, na wengi wakamfuata.

Ndipo nilipoingia kwenye mjadala. Asubuhi moja Hawa alisema kwamba bado hatujachelewa, redio wakiombwa na watu wengi wataupiga ule wa polepole na utakuwa mkubwa kuliko wote, nchi nzima itaimba. Nikaiona hiyo nchi nzima. Nikaona kila gari, kila harusi, yangu ikiwemo, kila mtu anapiga mluzi ambao Festo alikuwa anamwitia Imelda. Nikaweka birika chini nikasema kwamba "Chumvi kwenye Soda" ndio wimbo. Wakanigeukia. Nikasema watu wamechoka na huzuni, mtu anayepalilia mpunga kwenye maji hana haja ya kulizwa, anataka kitu cha kumchangamsha. Nikasema waliouchagua wanajua kazi yao. Nikasema hata yule kijana anayefoka ana maana ukimsikiliza vizuri. Niliutetea wimbo ule kila siku, kwa ukali ambao sikuwahi kuutumia hata kwa wadaiwa wa vitumbua. Shaibu alinisikiliza mpaka siku moja akacheka akasema, "Yusta, wimbo wenyewe ukipigwa hutingishi hata bega. Unaupigania wa nini?" Nikamwambia anywe chai yake. Nilikuwa mtu pekee katika Ifakara nzima aliyeupenda wimbo ule, na nilikuwa siupendi.

Basi wakaamua kwamba Festo ampigie Mela simu. Kwa kuwa walishajua kwamba mimi najua, waliona aibu imepungua. Walikuja wote watatu, wakasimama mbele ya kibanda chake, Shaibu akawa msemaji. Akamwambia kwa heshima kwamba yeye ndiye mwenye njia ya kumfikia yule dada, amwambie kwa niaba ya bonde kwamba wametanguliza wimbo mbaya, watoe ule mwingine mapema watu hawajahamia wote shamba. Mimi nilikuwa upande wangu wa ukuta, nasikiliza. Festo alisema hapana. Shaibu akabembeleza. Festo akasema tena hapana, na safari hii sauti ilikuwa nyingine, ya mtu anayefunga mlango. "Wimbo umeshachaguliwa. Msiniulize tena habari za huyo mtu." Waliondoka wameudhika. Mimi nilibaki na ile "huyo mtu" kifuani kama mwiba wa perege. Mtu aliyesahau angepiga simu huku anacheka. Niliona anaogopa kuisikia sauti yake, akiisikia ataondoka na treni ya kesho.

Mpunga ulipoanza kutia maziwa nilikwenda Namawala kumsaidia mama yake Festo kuamia ndege. Ni kawaida yetu mchumba kwenda. Mama mkwe anakupima kwa mambo ambayo hayatamki. Tulilala kwenye kibanda cha nyasi, tukila perege wa kukaushwa na wali, na jioni pepeta, ule mpunga mbichi uliokaangwa ukatwangwa, ambao mpaka leo nikiunusa narudi palepale. Alfajiri kila mtu alipanda kwenye dungu lake, kile kichanja cha miti ambacho juu yake unaona shamba lako lote na la jirani. Kwelea wanakuja kama moshi. Unapiga kelele, unarusha udongo kwa teo, unapiga mluzi. Na ndipo nilipousikia. Ulianzia mbali, kwenye dungu la mtu nisiyemjua. Jirani yake akaupokea. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaupokea. Unapanda, unakatika, unashuka. Kanda walizorekodi kwingine zilikuwa zimefika shamba, na ulikuwa umetangulizwa kwenye kila kanda. Sikio langu halikuwa na pa kukimbilia. Bonde zima, kutoka tulipo hadi kwenye matete ya mtoni, lilikuwa linapiga mluzi wa mchumba wangu, na kwelea waliinuka wakaondoka, na watu wakacheka kwamba huo ndio unaowafaa.

Festo alikuwa amekuja kutusaidia siku zile. Alikuwa kwenye dungu lililokuwa karibu na langu, na alikuwa anapiga debe. Debe bovu, kwa fimbo, tangu alfajiri mpaka jua likizama. Mama yake alisimama chini akamtazama, mkono kiunoni, akaniambia mimi badala ya yeye: "Huyu tangu mdogo anafukuza ndege kwa mdomo tu, debe hajui hata linashikwaje. Leo amekuwaje?" Nilishuka, nikampelekea maji, nikamuuliza kwa nini hapigi mluzi kama wenzake. Alikunywa yote kabla ya kunijibu. "Midomo imekauka," akasema, na akarudi kwenye debe lake. Nilikwenda nyuma ya kibanda nikalia. Niliyaona yote waziwazi: watu wengine wanauchezea, yeye kwake ni kitu kitakatifu, hawezi kuupiga mbele yangu. Nilimchukia Imelda siku ile kiasi kwamba nilimtakia apotelee hukohuko.

Na akapotea. "Chumvi kwenye Soda" ulichosha watu haraka, redio zikauacha. Hata onyesho ambalo alikuwa aje kutufanyia Ifakara halikufanyika. Watu walipovuna na kurudi mjini wakiutaka "Mluzi Dirishani," wenye redio walikuwa wameshahamia kwa waimbaji wengine, na albamu ilidoda. Shaibu alisema wimbo mmoja umemzika. Nilifurahi, na niliolewa katika furaha hiyo, kwa mchele mpya, na kwenye harusi yangu niliomba kwa mdomo wangu ipigwe "Chumvi kwenye Soda." Festo alinitazama namna ambayo sikuielewa, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tuliishi vizuri. Alikuwa mume mwema, ukimuuliza mtu yeyote atakuambia. Kanda zilipokufa akaanza kutengeneza simu, na mikono yake ilizeeka kwa bisibisi ndogondogo. Ila mluzi hakupiga tena, si kazini, si nyumbani, hata watoto walipokuwa wanajifunza na kumwomba awaonyeshe. Nami sikuuliza. Katika ndoa yetu palikuwa na kipande cha ukimya chenye umbo la mwanamke, na kila nilipokipita nilikisukuma kwa kiwiko.

Mwanamke mwenyewe sasa alikuwa kwenye kigoda changu, anakunywa chai yangu. Aliniambia ana duka la vitenge Morogoro mjini, ana watoto wakubwa, kuimba anaimbia kanisani. Aliulizia ugonjwa, nikamweleza, presha na sukari. Kisha akaweka kikombe chini akasema kuna jambo alitaka nilijue, na kwamba Festo angekuwa hai yeye asingeweza kulisema. Akaniambia kuwa ule wimbo wa soda ulichaguliwa na Festo.

Nilimwambia aniambie vizuri. Akasema waliokuwa wanamrekodi walibishana, nusu wanataka ule wa soda, nusu wanataka wa mluzi, naye akasema atamuuliza mtu anayewarekodia wakulima, anayejua watu husikiliza nini. "Ndivyo nilivyojidanganya," alisema. "Nilitaka tu ausikie." Alimpigia, akasogeza simu kwenye spika, akampigia nyimbo zote mbili. Nikaiona ile nguzo, ule msumari, vitumbua vikiiva upande wa pili.

"Wa soda alicheka," Imelda akasema. "Wa mluzi aliusikiliza mpaka mwisho, kimya, nikadhani simu imekata. Halafu akaniambia nitoe wa soda. Nikamuuliza, unaupenda? Akasema haupendi hata kidogo. Akasema, 'Huu mwingine ukitangulia utapigwa kila mahali, na Yusta yuko hapa ukutani anapika. Sitaki asikie kila asubuhi nilivyokuwa namwita mtu mwingine.'" Akachukua tena kikombe. "Alikutaja jina, Mama Neema. Langu hakulitaja hata mara moja. Nilikuonea wivu, sijui nikuambieje. Bado."

Nikamuuliza kwa nini alimsikiliza, wakati ilikuwa kazi yake na maisha yake. Akainua mabega. "Aliniomba. Sikuwahi kumnyima kitu."

Ningepaswa kufurahi, najua. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilichokisikia kwanza ni kwamba aliusikiliza mpaka mwisho, na kwamba kulikuwa na mwanamke asiyewahi kumnyima kitu, wakati mimi nimemnyima mengi, kuanzia na neno moja la kuuliza. Mengine yalinifikia polepole. Aliwafukuza wateja kwa uongo wa kanda mbovu ili nisisikie. Alipiga debe mpaka mikono ikachubuka ili nisisikie. Alifunga mdomo wake miaka yote ile, akaninyima mimi na wanawe kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo, kwa kuhofia nisiumie, na mimi kilichoniumiza ni hicho. Kama angenipigia mimi mluzi siku moja tu, kwa ajili yangu, Imelda angekufa moyoni mwangu jioni ileile.

"Kwako aliupigaje?" nikamuuliza.

Akanishangaa. "Si ulikuwa unausikia?"

"Niliusikia kupitia mbao. Akifagia. Haukuwa wa kuniita."

Akainuka, akavaa viatu vyake vizuri palepale kwenye tope. Akaniambia niende nikakae chumbani. Mtu wa umri wangu, mjane, na nilikwenda. Nilikaa upande wa kitanda uliokuwa wa Festo, dirisha limefungwa, nikamsikia anazunguka nyumba, anashikilia ukuta asiteleze. Alijaribu mara ya kwanza ikatoka pumzi tupu, nikamsikia akijicheka. Halafu ukaja. Ulipanda, ukakatika mahali ambapo mimi siku zote nilidhani unaishia, na katika kile kimya kulikuwa na mtu anayesubiri wewe uamke, ndipo mluzi ukashuka taratibu, ukiburuta miguu. Sikuwahi kujua kwamba kile kimya ni cha kusubiri. Wivu ulinishika upya, mkubwa kuliko wa ujanani, nikaenda nikafungua dirisha kwa mikono yote miwili. Imelda alikuwa amesimama chini, uso umelowa.

Kutoka jikoni harufu ya wali unaoungua ilikuwa imeshaingia mpaka chumbani. Nikamwambia arudie.